Maziwa Mabaya

Bonde la Pas, kijiji cha nyumba kumi na moja,
mvua nyembamba isiyoanza wala isiyokoma.
Alfajiri Ceferino anafungua zizi,
anagonga goti kwenye ndoo,
na neno lake la kwanza, kabla ya salamu, kabla ya mswaki,
ni *leche*.
Maana yake maziwa.
Maana yake pia: laana, goti langu!

Ng'ombe hawageuki. Wao wanaijua maana ya kwanza tu,
ile ya vuguvugu, yenye povu.

Mama yake, Obdulia, miaka tisini na mmoja,
yuko jikoni anamenya viazi, sikio wazi.
Neno hilo amelisikia likivaa kila nguo.
Mwalimu alimzaba kofi: hilo nalo ni leche.
Pikipiki ya Quintín inaporomoka mlimani bila breki:
inakwenda kwa leche yote.
Dansi ya mwaka ule wa theluji, kodiani, viatu vya kuazima:
"Ilikuwa leche yenyewe," anasema,
na mashavu yanamwiva hadi leo.
Kofi, mbio, utamu.
Sijui ni mnyama gani anayekamuliwa vyote hivyo.

Naye kijiji kizima kinamwita mwenye maziwa mabaya,
*mala leche*, yaani hasira za karibu,
ulimi wa kukata kamba.
Hakani.
"Mliyataka mazuri? Mazuri yalipanda treni."

Yalipanda treni mwezi wa tatu, kifuani mwa mama yake, Benigna,
miaka ishirini na miwili, meno kamili (daktari aliyahesabu),
kwenda Madrid kumnyonyesha mtoto wa wakili
kwa mshahara, aproni ya lesi na hereni za marijani.
Njiani, ili yasikauke,
alipakata kijibwa.

Obdulia alikuwa na siku arobaini.
Alibaki na bibi, kitambaa cha kuchovya,
na ng'ombe mmoja mkaidi, Garbosa.
"Nilinyonya pembe," husema. "Mlitarajia nini?"

Mara moja mtu alikuja. Gari jeusi, koti la bei,
mzee tayari, kashika sanduku la chokoleti kama mposaji.
Akasema mlangoni: mimi ni ndugu yako wa maziwa.
Alikuwa na meno mazuri.
Obdulia aliyatazama meno hayo kwa muda mrefu mno,
kisha akamvutia kiti, akamjazia bakuli.
"Kunywa. Haya ni yangu."
Hakumwambia kwamba Benigna aliporudi, miaka mitatu baadaye,
mtoto alijificha nyuma ya Garbosa
akiuliza, nani huyu, nani huyu.

Leo lori la chama cha ushirika halipiti.
Barua ilifika Alhamisi: bei, lita, barabara mbovu, samahani.
Ceferino amekamua hata hivyo; kiwele hakisomi barua.
Lita mia mbili na kumi. Anafungua bomba la tangi
na weupe unateremka mferejini, unaruka kizingiti,
unashika barabara, unazunguka mawe
kama mgeni asiyejua nyumba.
Kila lugha ina methali ya maziwa yaliyomwagika.
Hakuna inayotaja harufu yake saa sita mchana.

Vega wa jirani, miaka sita, buti za mpira,
anayakanyaga huku ulimi ukisukuma jino lililolegea,
jino la maziwa, ndivyo wanavyoliita huku.
Linang'oka hapo hapo, linadondoka.
Jeupe ndani ya weupe.
Anaanza kulia.

Obdulia ametoka na kisu chake cha viazi.
Anautazama mfereji, anamtazama mtoto.
"Leche," anasema, mara moja, taratibu,
na mwanawe, aliyeishi na neno hilo miaka sitini,
hajui ni ipi.

Anafunga bomba. Zimebaki kama lita kumi.
Wote watatu wanainama, wanapapasa.
Goti la Ceferino linauma.