Mkono Uleule

Kikao kilikaa gereji, chini, baina ya magari,
kwa kuwa ndiko kuliko na kivuli,
na Agosti ya Maskati haijui mswalie Mtume.
Lifti ilikuwa imekufa wiki ya tano.
Bi Zuwena wa ghorofa ya sita alibebwa na wanawe kwa kiti
kwenda kusafishwa damu, akarudishwa vivyo hivyo.
Kamati ya zamani ikasoma mahesabu, ukurasa kwa ukurasa,
riali ngapi, baisa ngapi, fundi yupi, zabuni ipi.
Tukapiga miayo. Nami nilipiga, sikani.

Ndipo Mahfudh akapanda juu ya katoni ya maji.
Hakushika karatasi.
"Wao wana madaftari," akasema, "mimi nina nyinyi.
Mimi si mgombea. Mimi ni sisi."
Aliisema kwa Kiswahili cha nyumbani,
kile tunachogombania na kubembelezea watoto,
na gereji nzima ikawaka kama simu iliyotiwa chaji.

Mikono ishirini na saba. Mmoja wangu.

Sasa subirini, maana wasimulizi wa habari hizi
hupenda kuruka hapa: lifti ilitengenezwa.
Siku ya nne tu. Ina kioo, ina sauti ya bibie
anayekutajia ghorofa kwa Kiarabu fasaha.
Bi Zuwena alishuka nayo amevaa dhahabu zake zote.

Kisha daftari likatoweka ukutani.
"Ndugu kwa ndugu, risiti ya nini?"
Kisha Rogelio, muuguzi wa flati namba nane, akauliza gharama,
akaambiwa, kwa adabu, yeye mpangaji.
Kisha Harith wa kamati ya zamani akaitwa adui wa lifti.
Adui wa lifti! Na magoti yake yale.

Ewe Kiswahili, una "sisi" moja tu.
Anayeitamka hasemi yumo nani,
nani kabaki nje ameshika viatu vyake.

Mwaka ukaisha. Nikamuuliza: kikao lini?
Akacheka, bila ubaya, akanishika bega:
"Watu wameshasema.
Unataka waseme tena, kwani mimi kiziwi?"
Nikaona aibu, kama niliyedai deni msibani.

Usiku ule lifti ikasimama baina ya tatu na nne.
Ndani: mimi, Rogelio, Harith na kifuko chake cha dawa.
Feni ikakatika. Bibie akataja ghorofa ya saba,
nasi hatukuwa hata ya nne.
Nikabonyeza kengele. Kimya.
Ukurasa wa tisa, nikakumbuka:
laini ya kengele, riali kumi na nane kwa mwaka.
Ulisomwa siku ile ya miayo.

Ukiniuliza kama wengi hukosea, sina jawabu.
Wengi ndio walionipa lifti, na kabla yao
wajuzi walinipa ngazi na maelezo.
Ninachojua ni jasho lilivyoteremka shingoni,
na kwamba katika wale watatu
ni mimi peke yangu niliyekuwa nimeshinda.

Harith akavua pete, akaanza kuugonga mlango.
Rogelio akagonga kwa ufunguo.
Mimi sikuwa na chuma chochote.
Nikagonga kwa mkono,
uleule.