Mnyororo Ulikatika

Jumamosi ya kwanza Kilua alikuja na daftari.
Sisi wapenda baiskeli kuukuu, watu kumi na mmoja na pampu moja,
tulikuwa uani kwa Sengasu, Barabara ya Kumi na Nne,
tunabishana kama kengele ya Mhina ni ya zamani kweli
au imezeeshwa kwa chumvi na ndimu.
Akasema, "Naandika historia ya baiskeli Tanga."
Tukampa kiti chenye mgongo.

Akatusomea. Jamani, alijua kusoma!
Manamba wa mkonge na mshahara wao wa kwanza,
tarishi wa Chumbageni, mkunga wa Pongwe na taa yake ya dinamo,
na pembeni, kila mara, kikopo kidogo cha bati:
tarishi anapaka Mafuta ya Njiwa kabla hakujakucha,
mkunga kaifunga Njiwa kwenye pindo la kanga.
Hatukuuliza.
Nani huuliza chumvi imeingiaje mchuzini?

Jumamosi ya pili nikampa cha kwangu:
usiku baba alipompakia mama kwenye keria,
uchungu umeshamshika, waende Bombo,
na pale reli inapokata barabara
mnyororo ukakatika.
Baba akaupapasa gizani, akauunga, ukakatika tena,
ukaondoka na ncha ya kidole chake cha shahada.
Nilizaliwa hapo hapo, juu ya kokoto.
Ndiyo maana hata wajukuu zangu wananiita Mareli.

Ya tatu akausoma usiku wangu.
Mama yumo. Kanga yake ya korosho imo.
Mvua, ambayo haikunyesha, imo.
Lakini mnyororo wa baba unateleza kimya
kama nyoka kwenye majani mabichi,
maana jioni ile alikuwa ameupaka Njiwa,
na Bombo wakafika, nesi yuko mlangoni.
Mwantumu alilia. Sengasu akapenga kamasi.
Mimi nilikaa tu, mikono mapajani,
kama mtu aliyeambiwa ukubwani
kwamba siye aliyezaliwa.

Ya nne alikuja na bajaji na makasha sita.
Historia ilikuwa imekwisha.
Ilibaki bei ya wanachama.

Wakanunua. Nami nilinunua, sitaficha.
Tena ni mafuta mazuri: wiki ya pili hii
baiskeli yangu haijalalamika hata kwenye kona ya Makorora.
Angekuja kuuza mafuta, akasema anauza mafuta,
ningechukua vikopo viwili.

Ila kitabu cha chama nakitunza mimi.
Usiku ule, chini ya michango,
juu kidogo ya deni la pampu, nikaandika:
*Mnyororo ulikatika, mara mbili.
Baba alizikwa na vidole tisa na nusu.*
Halafu, kwa kuwa hesabu ni hesabu:
*Kikopo kimoja, shilingi elfu nne.*