Swichi ya Pili

Saa nne usiku, chumba cha mitambo, hospitali ya Kanyenye.
Feni inakohoa. Nimekaa sakafuni
nimepakata swichi iliyotoka Urambo,
imekuja kwa basi, imeviringishwa kwenye kanga,
mgongoni kibandiko: MHASIBU, USIGUSE.

Ile ya kwanza, rafuni, inakonyeza.
Ndani yake zimo nyumba nne:
kumi ni maabara, ishirini duka la dawa,
thelathini malipo, arobaini wageni na simu zao.
Waya mmoja, kuta nne,
na hakuna anayemchungulia jirani.

Siichomeki. Bado.
Mwaka juzi, Nzega, nilichomeka njaa ikinikata.
Mgeni alikuja na kumbukumbu ndefu kuliko mwenyeji,
akasema, mimi ndiye ninayejua,
na mwenyeji akakubali!
Akavibomoa vyumba vyake mwenyewe.
Bado naiona foleni ya dirisha la malipo,
na mama mmoja ameshika nusu ya risiti.

Baba yangu kule Sikonge hatundiki mzinga wa kuazima
kabla hajaukwangua nta ya wenyewe,
akaufukiza, akauanika siku mbili.
"Nyuki," husema, "hawahamii kwenye ugomvi wa watu."

Basi nakwangua.
Futa. Zima. Washa. Soma tena: sifuri.
Naiandikia majina manne kwa mkono wangu,
kisha shina: pita wewe, na wewe, na nyie wawili,
VLAN nyingine yoyote ilale nje.
Kebo moja tu. Ya pili naitia mfukoni,
maana mbili bila mlinzi ni kitanzi,
neno moja huzunguka, huzunguka,
hadi nyumba nzima izibe masikio.

Kalunde wa zamu anapiga kutoka maabara:
"Msonde, mtandao upo?"
"Upo. Usinisemeshe."

Saa sita na dakika kumi nachomeka.
Taa ya chungwa.
Bado chungwa,
nusu dakika ndefu kama mabehewa ya mizigo
yakikatiza barabara nawe una mgonjwa kwenye bajaji.
Kijani.

Naita dawa: naam. Naita malipo: naam.
Nasimama upande wa wageni, naita maabara.
Kimya.
Naita tena, kimya,
nami nacheka peke yangu kama mwehu.

Nabandua MHASIBU.
Gundi inabaki vidoleni,
inanata kama asali.