Nukta

Ramani niliinunua Makadara, ya shule,
imekunjika katikati ya bahari,
Sudan bado nchi moja.
Pini nikaziomba kwa shangazi Rukiya, fundi, hapo chini.
"Mia mbili? Wamshonea nani kanzu, dunia?"
Nikacheka. Sikuwa na jibu bora.

Programu yetu yaitwa Kidau. Kidau cha wino, si chombo:
waandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu
kama bibi alivyoandika madeni ya duka.
Haina bei, na matumbo yake yako wazi,
atakaye aingie, arekebishe, atoke.
Miaka minne nimejibu barua za watu nisiowaona.
Juzi nikawauliza jambo moja tu: mko wapi?

Wakajibu kwa nambari.
Moroni, pini nyekundu. Maskati tatu, zimebanana.
Lubumbashi, mwalimu Kalonji, aliyetafsiri maelezo yote
kwa simu yenye kioo kilichopasuka.
Tromso kuna mama, Solveig, hajui Kiswahili,
aupenda mkia wa wau, basi.
Pate, kijana apandaye juu ya tangi la maji
kuutafuta mtandao.

Na wasiosema walipo
kompyuta huwatupa sifuri kwa sifuri,
baharini, kusini mwa Ghana, pasipo hata jiwe.
Watu arubaini na mmoja wamesimama juu ya maji.
Niliwaonea huruma. Nikakata kipande cha leso
nikakibandika pale, wakalie.

Kati yao Kunguru. Hilo ndilo jina alilotupa.
Ndiye aliyezirudisha nukta tatu za pe
zilipokuwa zikidondoka kila neno likirefuka,
na "pepo" ikabaki meno matupu.
Wiki mbili alizama humo, kisha akaandika:
"Tayari."

Jana usiku akatuma nambari.
Hasi nne, nukta sifuri sita.
Thelathini na tisa, nukta sita saba.
Nikashika pini, kidole kikateremka na pwani,
Lamu, Malindi, Kilifi,
kikagonga pini yangu mwenyewe.

Nikahesabu tena.
Kwa kipimo cha ramani hii
kisiwa chote kimeingia chini ya kichwa cha pini:
Kibokoni, Tudor, Marikiti, feri na foleni yake,
na Kunguru.

Miaka minne nikimshukuru kwa Kiingereza!
Labda ndiye aniuziaye kachri.
Labda ndiye yule wa nyumba ya pili, wa taa isiyozimwa,
akohoaye saa tisa za usiku
nami humlaani kwenye mto.

Sikuitoboa karatasi mara ya pili.
Nimemwandikia: "Hapa ramani imejaa. Wapenda mahamri?"

Hajajibu.
Kwenye kipande cha leso wamebaki arubaini.
Chini, shangazi aita, ataka pini zake zilizosalia,
ana suruali ya mtu ya kesho asubuhi.