Jicho la Penseli

Akida, mwana wa dada yangu,
alikuja Ijumaa baada ya swala, simu mkononi:
"Bibi, tazama, babu ameamka."

Picha tunaijua. Ilipigwa kwa Kanji, Barabara ya Nane, Ngamiani,
mwaka bei ya mkonge ilipoanguka.
Shati la kuazima, kola imesimama kwa wanga wa muhogo,
nyuma yake pazia la maua yasiyowahi kuota Tanga.
Ilikaa ukutani miaka hamsini na kitu;
mende wakala pembe moja, mvua ikala nyingine,
uso ukabaki.

Jicho la kushoto si lake.
Lake lilibaki Ngomeni, kwenye mwiba wa jani,
asubuhi, kabla hajafunga mzigo wa kwanza.
Kanji alichora jingine juu ya negativu
kwa penseli yenye ncha ya sindano,
akamwambia, "Hili bure, Bwana Mhando. Bei ile ile."
Baba akalipenda. Alikuwa akisema
ndicho kitu pekee alichopewa bila kukatwa mshahara.

Sasa, kwenye kioo cha simu,
penseli inapepesa.
Inakwenda kushoto, inarudi kulia,
inamtafuta mtu nyuma ya bega langu.
Kisha mdomo unafunguka na meno yote yapo,
meupe kama ya mtangazaji,
yeye aliyekuwa akicheka kwa kuziba mdomo na kofia.

Watoto wakapiga makofi.
Mwanahamisi wa jirani akasema Subhanallah,
akauliza kama ya marehemu kaka yake itawezekana, na ni shilingi ngapi.
Mimi, nisiseme uongo, nilimjibu tabasamu lake.
Nilikuwa na miaka sita alipozikwa,
sina changu cha kulinganishia.
Nilipokea nilichopewa.

Mama aliomba miwani.
Akaishika simu kwa mikono miwili, kama sahani yenye mchuzi.
Akatazama mara moja. Mara ya pili.
Mara ya tatu aliuacha uso, akashuka
hadi kwenye vifungo vya shati.
"Mbona hapumui?"

Akida akaeleza: programu inachezesha uso tu, bibi,
kuanzia shingoni kushuka ni picha.

"Babu yako alikula vumbi la korona miaka kumi na minne.
Usiku kifua kililia kama mlango wenye bawaba kavu.
Nililala nikihesabu.
Kikikawia, namsukuma kwa kiwiko, kinaanza tena.
Hata wa ukuta wa pili walijua yuko hai.
Huyu anacheka, na shati halina habari."

Akarudisha simu.
Hakukasirika. Alimuuliza Akida kama amekula.

Akida alinitumia na mimi.
Usiku, taa imezimwa, niliifungulia chini ya shuka:
sekunde kumi na moja, halafu anaganda,
mdomo nusu wazi, jicho la Kanji likielekea dirishani.
Nabonyeza. Anaanza tena.
Anaganda. Nabonyeza.

Chumba cha pili mama akakohoa,
akauliza huo mwanga ni wa nini.