Washa ya Kandambili

Tone.
Halafu kimya cha kutosha kukudanganya.
Tone.

Wiki tatu koki ya jikoni imenihesabia usiku,
na haba na haba, kweli, imejaza kibaba,
kisha ndoo, kisha bili
ambayo karani wa maji aliniandikia bila kupepesa jicho.

Bwambale fundi, nikimpigia, yuko njiani.
Jumatatu yuko njiani.
Alhamisi yuko njiani, na kuku wake nawasikia
wakiwika nyuma yake.
Akifika atataka elfu arobaini,
na nauli, na soda.

Hizi ni nyumba za kampuni, hapa Kilembe,
zilijengwa shaba ilipokuwa na bei.
Mabomba yamo ukutani kama mishipa ya mzee:
yamevimba, yana kutu, bado yanasukuma.
Baba ndiye aliyeyafunga.
Mimi nilimbebea spana mpaka mlangoni tu;
ndani waliingia kaka zangu, Masereka na Thembo.
Leo mmoja anauza simu Entebbe,
na mwingine hajui koki hufungwa upande gani.

Jumamosi niliamka na hasira iliyokwisha kupoa,
ile inayofaa kazi.
Spana ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya gunia,
mpini umelika mahali pa kidole gumba chake.
Changu kikaingia humo, kikacheza;
nafasi ikabaki.

Kosa la kwanza: nilifunga valvu isiyo yangu.
Ng'ambo ya ukuta Mama Mbambu akapiga yowe,
povu kichwani: "Ithungu! Mimi nimekukosea nini?"
Kosa la pili sitalisema.
Dari inalijua.

Koki ikafunguka kwa mlio wa ndama.
Ndani yake, washa: kipande cha mpira,
kidogo kuliko sarafu, kimelika upande mmoja.
Huyu ndiye aliyekuwa akininyima usingizi.
Dukani za kipimo hicho zilikwisha,
basi nikachukua kandambili ya kushoto, iliyokatika ukanda,
nikaweka washa kuukuu juu yake, nikachora duara,
nikakata kwa wembe, ulimi nje kama mtoto wa darasa la pili.
Tepu nyeupe nikaizungusha kwenye meno ya bomba, mara saba,
upande ule ule wa kukaza.
Hilo nililiona nikiwa mlangoni,
wakati ambapo hakuna aliyekuwa akinifundisha.

Na kwa kuwa mikono ilishachafuka,
nikatia beseni chini ya sinki, nikafungua kile kiwiko cha plastiki
kilichokuwa kikimeza maji kwa kusitasita tangu Januari.
Mafuta yaliyoganda. Punje za mchele. Kijiti cha kiberiti.
Na rasta za Masika, nyekundu,
zile alizosuka kabla ya kwenda chuoni Mbarara.
Nilimgombeza kila alipooshea kichwa hapa.
Nikazivuta, ndefu, haziishi,
nikazisuuza. Sijui kwa nini nilizisuuza.
Kisha nikazitupa.

Nikafungulia maji taratibu,
nikatandika gazeti chini, nikaketi nikilitazama
kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.
Halikulowa.

Saa kumi jioni Bwambale akapiga simu: yuko njiani.
"Njoo," nikamwambia, "chai ipo.
Ila uniletee kandambili moja. Ya kushoto."

Usiku sikulala vilevile.
Pale palipokuwa na tone pakaingia Nyamwamba,
mto uliopita hapa mwaka ule
na daraja, na jiko la Mama Mbambu, na sufuria zake,
sasa unabingirisha mawe yake gizani, pole pole,
kama mtu anayepanga vyombo.
Ule hauna valvu.

Nikanyoosha mkono, nikaigusa koki.
Kavu.
Nikaigusa tena.