Ukichelewa, Hamsini

Bi Maimuna kaandika kwa chaki mlangoni,
herufi zimelala upande kama zimechoka nazo:
Siku, 200. Uji, 20. Nepi njoo nazo.
Ukichelewa saa kumi na mbili, 50.
Juzi ilikuwa mia na hamsini.
Kafuta kwa kiganja, lakini ile tano
bado inachungulia, chini ya sifuri.

Mia sita napata, siku hoteli ikijaa.
Vitanda ishirini na viwili, Kasuarina,
shuka navuta mpaka sarafu ikidondoka iruke.
Toa mia mbili. Toa uji. Toa tuktuk.
Toa nepi, zile za kununua mojamoja
dukani kwa Kahindi, kama sigara.
Nilipiga hesabu nyuma ya karatasi ya dobi,
nikafuta, nikapiga tena, jibu ni lile lile:
nafanya kazi
nimlipe mtu anishikie mtoto
niende kazini.

"Basi kaa nyumbani," kasema wifi yangu Nyevu,
ambaye mumewe ana lori.
Nikae. Na kodi ya Maweni ikae na nani?

Tulijaribu bila Bi Maimuna, miezi miwili.
Mwaringa analinda ghala la saruji usiku kucha,
arudi saa moja; mimi natoka saa moja kasorobo.
Ile robo saa katikati
tulimwachia Mungu na komeo.
Baadaye tukawa twakutana njiani, penye transfoma,
yeye na usingizi, mimi na mtoto,
twapokezana kama kijiti cha mbio za shule,
salamu hapana.
"Kala?"
"Kala."
"Kaharisha?"
"Kidogo."
Siku niliyorudi nikamkuta Mwaringa kalala fofofo
na Luvuno kashika kiberiti, anakitikisa kama kayamba,
nilikwenda kwa Bi Maimuna bila kuuliza bei.

Chumba kimoja. Mkeka mmoja. Watoto kumi na mmoja,
kichwa hapa, miguu kwenye shavu la mwenziwe.
Nikagawanya mia mbili kwa saa kumi na mbili:
shilingi kumi na sita na senti
kumfuta mwanangu kamasi saa nzima.
Mahamri mawili hainunui.
Nikaacha kununa.

Shuka za hoteli zikitoboka huwa matambara ya sakafu.
Niliomba mbili. Msimamizi akaandika daftarini,
nikatia sahihi kama mwizi mwenye kibali.
Bi Maimuna akakata winda kumi na nane.
Sasa Luvuno anajisaidia kwenye pamba
waliyolalia wageni wa Milano,
nembo ya hoteli, nyuzi za dhahabu,
imefika matakoni.
Themanini kwa siku naiokoa.
Sabuni inakula kumi na tano.

Jumatano nilichelewa. Tuktuk iliishiwa mafuta Ngala.
Saa kumi na mbili na dakika ishirini,
noti ya hamsini kiganjani, imelowa jasho.
Bi Maimuna yuko barazani, kamshika Luvuno kwapani.
"Simama hapo hapo," akaniambia. "Usije."
Akamwachia.

Hatua moja.
Ya pili, ya kilevi.
Ya tatu akaniangukia gotini.
"Ndiyo kwanza leo!" Bi Maimuna akapiga kigelegele,
na kijana wa miaka minne, mtoto wa fundi cherehani,
akasema, "Si hata jana alite—"
akafinywa.

Niliona. Nikajifanya natafuta kiatu.

Nikampa hamsini. Akaipokea,
akaikunja mara mbili, akaitia kifuani:
sheria ni sheria.
Nami, mtoto begani, nikawasha tochi ya simu
nikausoma tena ule mlango, juu hadi chini,
kama kuna mahali kaandika
bei ya jana.